Kama presha haitoshi kuupasua mwamba, nyufa za jotoardhi zinafunguka vipi?

kisima_kirefu:

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie maana nimekwama hapa siku ya nne sasa. Nasoma masta ya jiolojia na mada yangu ni jotoardhi ya mwamba mkavu wa chini kabisa, ile ambayo moto upo wa kutosha lakini mwamba wenyewe ni graniti ngumu haipitishi maji, kwa hiyo unachimba kisima, unasukuma maji kwa presha kubwa mpaka mwamba uanze kupitisha, halafu unachimba kisima cha pili cha kuyapokea yakiwa yameshabeba joto. Picha kubwa naielewa vizuri. Kinachonitesa ni hesabu.

Nimechukua mfano wa Basel kule Uswisi, Desemba 2006. Kisima cha kilometa 5. Mwamba uliokaa juu yake ukipiga uzito wake unapata kama megapaskali 130 zinazokandamiza pale chini. Maji yaliyojaa kisimani, kwa uzito wake tu, yanatoa kama 49. Pampu za juu walizipandisha mpaka karibu 30. Jumla 79. Sasa 79 inapasuaje kitu kilichobanwa na 130? Nikadhani nimechanganya vizio, nikarudia hesabu mara tatu, jibu ni lile lile. Najua mkazo wa pembeni mara nyingi ni mdogo kuliko ule wa juu, sawa, lakini kwenye miradi mingi ya aina hii naona wanasema hata huo wa pembeni hawakuufikia na bado kisima kilibadilika kabisa, kikawa kinakunywa maji kirahisi kuliko mwanzo.

Halafu jambo la pili, pampu zikizimwa presha inashuka, kwa nini nyufa zisijifunge tena? Hawakuweka mchanga wa kuzishikilia kama wafanyavyo watu wa mafuta. Na la tatu ambalo linaninyima usingizi kabisa, lile tetemeko kubwa la Basel la 3.4 lilikuja saa kadhaa BAADA ya kufunga pampu. Sasa kama presha ndo mkosaji, ikishaondoka tetemeko linatoka wapi?

---

MzeeWaRigi:

Mdogo wangu hesabu yako haina kosa, kinachokuchanganya ni hilo neno kupasua. Liondoe kichwani kwanza kisha turudi mwanzo.

Mwamba wa chini hukuukuta mzima. Hiyo graniti imekaa huko miaka mamilioni kwa mamilioni, imepoa, imesukumwa huku na huku, imejaa nyufa za zamani ambazo zimezibwa na madini na kubanwa na uzito. Na mikazo ya chini hailingani pande zote, upande mmoja inasukuma sana mwingine kidogo, kwa hiyo kila ufa uliolala mshazari muda wote unavutwa uteleze. Unazuiwa na msuguano tu. Na msuguano unategemea kuta mbili za ufa zimebanana kiasi gani. Sasa ukiingiza maji yenye presha ndani ya ufa, hayahitaji kuzitenganisha hizo kuta, yakipunguza mbano tu inatosha, msuguano unashuka na ile nguvu ya pembeni ambayo ilikuwepo siku zote inafanya kazi yake. Ufa unateleza. Ndo maana 79 yako inatosha. Nguvu ya kuteleza haitoki kwenye pampu yako, inatoka duniani, wewe umeachia breki tu.

Umewahi kuhamisha kabati zito? Wawili wanasukuma haliendi, akija wa tatu akalinyanyua kidogo tu upande mmoja, wala halijaacha sakafu, linaondoka ghafla mpaka mnataka kuanguka. Huyo wa tatu ndo maji.

La pili, kwa nini hazijifungi. Chukua tofali la kuchoma lipige livunjike vipande viwili. Virudishe pamoja sawasawa kama vilivyovunjika, havipitishi hata mwanga. Sasa sogeza kimoja pembeni kwa milimita mbili tu halafu bana kwa nguvu zako zote. Havikai tena, mlima wa huku unakaa juu ya mlima wa kule na mashimo yanabaki katikati. Nimeshika vipande vya kiini cha graniti kutoka kisimani vyenye ufa ulioteleza, ukipitisha kidole unasikia mikwaruzo imelala upande mmoja kama mbao iliyopigwa msasa mbovu, na ukiviweka pamoja vinacheza. Huo ufa ulijishikilia wenyewe bila mchanga wa mtu. Mwamba laini usingeweza hilo, vile vilima vingesagika, lakini graniti ni ngumu inavumilia.

Nikupe na nilichokiona kwa macho, mradi siutaji. Tulikuwa zamu ya usiku tunapandisha kasi ya pampu kwa ngazi, lita 5 kwa sekunde, tunakaa, lita 10, tunakaa, lita 15. Kila ngazi presha inapanda kwa kiasi kile kile, unaweza kuweka rula kwenye skrini. Tulipofika ngazi ya nne presha ikapanda kidogo tu halafu ikalala. Tukaongeza ngazi ya tano, imelala vile vile, tunamwaga maji mengi zaidi na presha haitaki kupanda. Kimya chumba kizima. Pale ndo mwamba ulikuwa umeanza kupokea. Watu wanapenda kusikia mlipuko, hakuna mlipuko wowote, ni mstari tu unapinda.

Siku mbili baadaye tukashusha kipimajoto kwa waya, maana maji baridi yakiingia kwenye mwamba yanaacha alama, pale yalipoingia joto linashuka ghafla kama jino limeng'oka. Kisima kilikuwa wazi bila kesingi, yaani bomba la chuma la kukivisha, kwa zaidi ya mita 400 na meno yaliyong'oka yalikuwa matatu. Matatu tu! Moja lilikuwa limekunywa zaidi ya nusu ya maji yote. Yaani ile michoro mnayoiona kwenye vipeperushi, wingu zuri la nyufa limeenea pande zote kama mizizi ya mti, mimi sijawahi kukutana nalo. Mwamba unachagua ufa unaoupenda na unakwenda na huo.

Na hauchagui unavyotaka wewe. Wa kwanza kabisa kujaribu mambo haya walikuwa watu wa maabara ya Los Alamos pale Fenton Hill, New Mexico, miaka ya 1970. Kwenye awamu ya pili walichimba visima viwili, kimoja juu ya mwenzake, wakiamini nyufa zitasimama wima ziviunganishe. Mwaka 1983 wakasukuma zaidi ya mita za ujazo 21,000 za maji kwenye kisima cha chini. Nyufa zikaenda zake upande mwingine, cha juu hakikupata kitu. Ikabidi wakichepushe kisima wakifuate lile wingu la mitetemo midogo inayotokea nyufa zikiteleza, mahali lilipo. Tangu siku hizo fundisho lipo, chochea kwanza, yaani sukuma maji ufungue nyufa, sikiliza zimekwenda wapi, ndo uchimbe cha pili. Bado nakutana na watu wanataka kuchimba vyote viwili kwa pamoja kwa sababu rigi, ule mtambo wa kuchimbia, tayari iko saiti na kila siku inakula hela. Inaniuma sana kwa kweli.

---

dada_jiofizikia:

Mzee amemaliza la kwanza na la pili, mimi naomba nishughulike na la tatu maana ndo kazi yangu ya kila siku, kukaa na jiofoni, vile vifaa vya kusikiliza mitetemo ya ardhi.

kisima_kirefu umesema presha "ikishaondoka". Haijaondoka kaka. Ukifunga valvu kinachotulia haraka ni kisima chenyewe na mwamba wa jirani yake. Maji yaliyokwisha ingia bado yapo, na presha yake inaendelea kusambaa kwenda nje taratibu kutafuta usawa. Fikiria umemwaga maji mengi katikati ya zulia halafu ukaacha kumwaga. Katikati panaanza kukauka, ukingo wa doa bado unaendelea kutanuka. Kwa hiyo muda ule unaofunga pampu kuna nyufa za mbali ambazo presha ndo kwanza inazifikia. Na kadiri eneo lililolowa lilivyo kubwa, ndivyo uwezekano wa kugusa ufa mkubwa unavyoongezeka, na ufa mkubwa ndo unaotoa tetemeko kubwa. Hesabu ni rahisi kwa namna yake, ukubwa wa tetemeko unategemea eneo lililoteleza na limeteleza kiasi gani. Tena zile nyufa ndogo zikiteleza zinahamishia mzigo kwa majirani zake, hilo nalo linachangia.

Basel walikuwa na utaratibu wa taa, kijani endelea, njano punguza, nyekundu simama. Na waliufuata! Asubuhi ya tarehe 8 Desemba mitetemo ilivuka mpaka wao, wakapunguza, wakafunga. Saa chache baadaye jioni likaja la 3.4, mji mzima ukalisikia. Kisha Januari na Februari 2007 yakaja mengine matatu ya zaidi ya 3, miezi miwili pampu haziguswi. Mradi ukafutwa mwaka 2009. Kwa hiyo tatizo la taa ni kwamba ikiwaka nyekundu umeshachelewa, kile utakachokisikia kesho umeshakilipia leo kwa maji uliyokwisha sukuma. Ukiweka mpaka wako karibu na kile usichokitaka, utakivuka. Inabidi uuweke chini sana, tetemeko la ukubwa wa 1 na kitu likianza kuonekana mara kwa mara tayari unapunguza.

Na huu uhusiano wa presha na mitetemo haujagunduliwa juzi. Rangely, Colorado, kuanzia 1969 wanasayansi wa Marekani walichukua kisima cha mafuta wakawa wanapandisha presha na kushusha makusudi. Ikipanda kuvuka kiwango fulani matetemeko yanaongezeka, ikishuka yanapungua. Walikitabiri kile kiwango kwa kupima mkazo na msuguano wa mwamba, kikatokea karibu na walivyosema. Kwangu mimi hilo ndo jaribio zuri kuliko yote kwenye fani hii, maana lilionesha kuwa ukiujua mkazo wa mwamba wako kabla, unajua unacheza na nini. Sasa wangapi wanapima mkazo vizuri kabla ya kuwasha pampu? Wachache. Linaonekana gharama.

---

fundi_pampu:

Wakuu naheshimu mchango wa MzeeWaRigi lakini hiyo hadithi ya ufa kujichagulia ni ya visima vya zamani, kisima kimoja kimesimama wima, mita 400 ziko wazi, unamwaga maji yote kwa pamoja na kuomba Mungu. Lazima yaingie sehemu tatu! Penye udhaifu kidogo panachukua yote.

Siku hizi tunachimba kisima kinalala, tunakivisha kesingi na saruji mpaka mwisho, halafu tunakigawa vipande. Unaweka plagi, yaani kizibo, unatoboa kesingi kwa makundi, unachochea kipande hicho, unaweka plagi nyingine, unasogea. Na vile vitobo unavifanya vichache kwa makusudi, maji yakilazimika kupita kwenye kitobo kidogo yanapoteza presha kubwa palepale, kwa hiyo hata kama ufa mmoja ni mlegevu hauwezi kunyang'anya maji ya wenzake, yanagawanyika karibu sawa. Na mchanga tunaweka. Hapo tunaupasua kweli, tunavuka ule mkazo mdogo wa pembeni, ufa mpya unafunguka na mchanga unabaki kuushikilia.

Na imefanya kazi. Kampuni ya Fervo pale Nevada, Marekani, mwaka 2023, visima viwili vimelala sambamba kama kilometa moja kila kimoja, mwamba wa nyuzijoto 191, wakazungusha maji siku 30 mpaka lita 63 kwa sekunde, sawa na umeme wa kama megawati 3.5. Kwa miaka mingi hakuna mradi wa mwamba uliochochewa uliokuwa umefika huko. Soultz ya Ufaransa ilianza 1987, wakafika kilometa 5, visima vitatu virefu, mtambo wao ni megawati moja na nusu hivi. Linganisha mwenyewe.

kisima_kirefu kama unataka data za kuchezea nenda kwenye za FORGE ya Utah, ni mradi wa wizara ya nishati ya Marekani na wameziweka wazi kwa umma, presha, mtiririko, mitetemo, kila kitu, utajifunza kuliko kukaa na Basel peke yake.

---

nyumba_juu_ya_mwamba:

Samahani mimi si mtaalamu, nimefuatilia huu mjadala kwa sababu eneo ninaloishi wamekuja watu na ramani wanazungumzia mradi kama huu. Nimesoma yote. Mnaeleza vizuri mpaka nimeelewa. Lakini naona mnataja Basel, hakuna aliyetaja Pohang, na mimi ndo nimeisoma mpaka usiku wa manane. Korea Kusini, Novemba 2017, tetemeko la 5.5. Watu zaidi ya 100 waliumia, majengo yalipasuka, familia zilihama makwao. Na tume iliyochunguza ikasema Machi 2019 kuwa lilichokozwa na maji ya mradi wa jotoardhi. Kwenye mkutano wetu nilipouliza nikajibiwa kwamba mitetemo ya hii teknolojia "haisikiki". Nijibuni kwa ukweli, mimi nina watoto. Inasikika au haisikiki?

---

dada_jiofizikia:

Dada, aliyekujibu hivyo hakukutendea haki. Mingi kweli haisikiki, kwa maelfu, ni sensa tu, yaani vipima mitetemo, zinaiona. Lakini hakuna mtu mwaminifu wa fani hii anayeweza kukuahidi kwamba hautasikika hata mmoja.

Pohang sikuitaja na nilipaswa kuitaja mapema, kwa hiyo ngoja niieleze vizuri. Kile kisima chao kimoja kilipita kwenye mpasuko mkubwa, sio nyufa ndogo ndogo, mpasuko wa kijiolojia ambao ulikuwa tayari umebeba mkazo wa kutosha na uko karibu kuteleza. Dalili zilikuwepo. Wakati wa kuchimba, kwenye kina cha kama kilometa 3.8, tope la kuchimbia lilipotea kwa wingi likaingia kwenye mwamba, na tope halipotei hivyo kwenye mwamba mzima. Aprili 2017 likaja tetemeko la zaidi ya 3 baada ya kusukuma maji. Agosti na Septemba wakasukuma tena. Miezi miwili baada ya kusimama ndo likaja lile kubwa. Na maji yenyewe hayakuwa mengi! Kulikuwa na hesabu watu walikuwa wanaitegemea, kwamba tetemeko kubwa kabisa litaendana na kiasi cha maji uliyosukuma, maji machache tetemeko dogo. Pohang ilivuka hiyo hesabu mbali sana. Maji yaliwasha tu kibiriti, kuni zilikuwa zimepangwa na dunia zamani.

Kwa hiyo ukienda mkutano ujao waulize hivi. Je mmeutafuta mpasuko mkubwa karibu na kisima, na mmeutafuta kwa njia gani? Mkazo wa mwamba mmeupima au mmeukadiria kutoka kwenye ramani? Sensa zenu ziko juu ya ardhi tu au mmezishusha kwenye visima? Na data za mitetemo nitaziona mimi siku ile ile au mtatuletea ripoti mwakani? Mpaka wa kusimama ni ukubwa gani na nani nje ya kampuni ana mamlaka ya kuzima pampu? Wakiwa na majibu ya maandishi, mnaweza kuendelea kuzungumza. Wakianza kuzungukazunguka, kataeni, mna haki hiyo kabisa.

Na inawezekana kufanya kwa adabu. Finland, Espoo karibu na Helsinki, mwaka 2018 walichochea kisima cha zaidi ya kilometa 6 kwa siku 49, kama mita za ujazo 18,000. Walikuwa wameshusha sensa kilometa 2 na kitu chini ya ardhi, kila tetemeko linachambuliwa muda ule ule na watu wa pampu wanapigiwa simu wapunguze, wapumzishe, waendelee. Mpaka wao ulikuwa 2.1, kubwa kabisa likafika 1.9. Lakini na hilo niseme lote, mtiririko walioupata haukutosha kuendesha mtambo wa joto waliokuwa wanautaka. Kwa hiyo walilinda watu, joto hawakulipata. Hicho ndo kitu kigumu kuliko vyote kwenye hii kazi, kule kuteleza kunakofungua ufa ndo huko huko kunakotikisa ardhi, hatuwezi kuchukua kimoja tukaacha kingine, tunachoweza ni kuvigawa vipande vidogo vidogo.

---

fundi_pampu:

Hapo naungana na dada asilimia mia. Na ndo faida nyingine ya kugawa vipande, kila kipande kinapata maji machache kwa muda mfupi, ukiona kipande kimoja kinatetemesha vibaya unakiacha unaruka kwenda kingine. Kwenye kisima wima kilicho wazi huna pa kuruka, umeshaingia umeingia.

---

kisima_kirefu:

Dah wakuu nimejifunza kwenye huu uzi kuliko mhula mzima. Tofali nimevunja kweli, milimita mbili tu na halikai tena, nimelipiga na picha nitaiweka kwenye tasnifu.

Swali moja la nyongeza kwa fundi_pampu na MzeeWaRigi. Kama mchanga unafanya kazi vizuri hivyo, kwa nini tusifungue ufa mmoja mkubwa mpana kutoka kisima mpaka kisima, tukaujaza mchanga, maji yapite bila shida yoyote? Pampu itatumia nguvu kidogo, presha itakuwa ndogo, hata mitetemo itapungua.

---

MzeeWaRigi:

Walifanya, mdogo wangu. Sio kwa makusudi ya kupata ufa mmoja, lakini matokeo yalikuwa hayo. Rosemanowes kule Cornwall, Uingereza, kwenye graniti, miaka ya 1980. Walikuwa wanapoteza maji mengi mwambani na kisima cha kupokea hakileti vya kutosha, wakaona wapeleke mchanga kwenye nyufa. Upotevu ukapungua, ukinzani ukapungua, kila mtu akafurahi, halafu maji yakaanza kutoka ya baridi. Mchanga ulikuwa umewatengenezea barabara ya mkato, maji yote yakapita pale pale.

Uelewe kwamba mwamba ni mgumu kutoa joto lake. Maji yanachukua joto la ukuta haraka sana, lakini joto la nyuma ya ukuta kuja mbele linatembea polepole mno, kwenye graniti baridi inaingia kama mita 5 au 6 kwa mwaka wa kwanza, na kadiri inavyoingia ndani inazidi kupunguza mwendo, miaka 20 ni kama mita 25 hivi. Kwa hiyo ufa mmoja ukiupitishia lita 60 kwa sekunde unamaliza joto la ukuta wake mapema na mwamba wote wa nyuma unabaki na moto wake hujaugusa. Halafu mwamba ukipoa unasinyaa, ufa unazidi kupanuka, unazidi kuita maji, yaani unajiharibia mwenyewe. Unachotaka ni nyufa nyingi, kila moja maji kidogo, zimeachana vya kutosha ili zisiibiane joto. Mita 20, 30, 50, hapo ndo kuna ubishi.

fundi_pampu nakupa haki yako, kwenye kugawa vipande mmetupita mbali na nimefurahi kuliona kabla sijastaafu. Lakini siku 30 hazijaniambia kitu kuhusu joto. Nataka kuona mwaka wa tano na wa kumi, maji yanatoka na nyuzi ngapi, na kama vipande vyote bado vinakunywa sawa au kuna kimoja kimeanza kujifanya barabara.

---

fundi_pampu:

Hilo ni la haki mzee. Tunafuatilia kwa kupitisha rangi na kemikali tofauti kila kipande, zikitokea upande wa pili unajua kila kipande kimechukua muda gani na kiasi gani. Kile kitakachotoa rangi yake mapema na kwa wingi kuliko wenzake ndo barabara ya mkato, tunaenda kukiziba. Na wengine wamepitisha waya wa faiba nyuma ya kesingi, unasoma joto mita kwa mita bila kuingiza kifaa kisimani. Kwa hiyo tutakijua mapema. Kama kuziba kutafanikiwa kwenye nyuzi 200 na zaidi, hapo bado tuna kazi, raba nyingi za vizibo zinakufa kabla.

---

nyumba_juu_ya_mwamba:

dada_jiofizikia nimeyaandika maswali yako yote kwenye daftari. Nitayasoma kwenye mkutano kama yalivyo. Asante sana kwa kutonidanganya.

---

kisima_kirefu:

Narudi kwa dada. Nimefanya kama ulivyosema la zulia, nimechora kila tetemeko la Basel nililolipata, mlalo muda tangu pampu ziwashwe, wima umbali kutoka kisimani, halafu nikapitisha mstari wa presha inayosambaa. Nilipoweka kasi ya presha kusambaa mwambani kuwa 0.05 mita za mraba kwa sekunde nilipata kama mita 570 kwa siku 6 na nukta nyingi zimekaa chini ya mstari. Ila kuna kitu baada ya kufunga pampu sikukitegemea. Karibu na kisima nukta zinakatika, panakuwa peupe, na huo weupe unakua kwenda nje siku hadi siku, huku ukingo wa nje nao bado unasogea. Kama pete inayotanuka. Nimekosea mahali au ndo inavyotakiwa?

---

dada_jiofizikia:

Hujakosea kaka, hiyo pete ndo doa la zulia lenyewe. Weupe wa katikati ni presha inayoshuka kuanzia kisimani kwenda nje, ukingo ni ile ambayo bado inapanda. Sasa chukua yale matetemeko manne ya zaidi ya 3, la Desemba na yale ya Januari na Februari, uyatie rangi nyekundu uone yamekaa wapi kwenye pete. Halafu niletee.